Adabu ya Kupokea

Kutoa tumefundishwa tangu utotoni. Mtoto wa shule ya Jumapili hushikishwa sarafu kabla hajajua kuhesabu, akaambiwa asiichezee njiani, akifika mbele aitumbukize kapuni. Akikua hufundishwa zaka, malimbuko, sadaka ya shukrani, ahadi ya mwaka na mchango wa ujenzi. Lakini habari ya kupokea, ni nani aliyetukalisha chini akatufundisha? Miaka yangu yote ya kukaa kwenye mabenchi ya kanisa, na mingi kati ya hiyo nikiwa mzee wa kanisa, sijasikia mahubiri hata mara moja juu ya namna ya kupokea. Basi tunapokea vibaya. Wapo wanaopokea kama mtu anayechukua mshahara wake uliocheleweshwa. Wapo wanaopokea kwa kujikunja, kama mtu aliyefumwa shambani kwa mwenziwe. Na walio wengi hawajui hata kama wamepewa. Nasaha hizi ni za jambo hilo tu: Mungu akikupa usichokitarajia, ukipokeeje.

Nianze na mayai matano.

Kwetu Usambara, kama ilivyo katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania, ibada ya Jumapili haiishi pale mchungaji anapoinua mikono kutoa baraka. Watu hutoka nje kwa wimbo, huizunguka meza, na mazao yaliyoletwa madhabahuni pamoja na sadaka ya fedha hupigwa mnada. Msimu wa matunda utaona matenga ya plamu na peasi. Msimu mwingine ni kabichi, karoti, maharage, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee mmoja mwenye sauti hunadi, mwingine huandika daftarini, na fedha huingia kwenye hesabu za usharika. Ndivyo mtu asiye na shilingi anavyopata cha kumtolea Mungu.

Jumapili moja bibi mjane alileta mayai matano katika kibakuli cha bati, ameyafunika kwa jani la mgomba. Mnadi akaanza elfu moja. Ikaenda elfu mbili, elfu tatu. Nyuma ya watu kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam akasema, "Elfu ishirini." Hakuna aliyeongeza. Kijana akalipa, akakichukua kibakuli, akapita katikati ya watu hadi pale bibi alipokaa juu ya jiwe, akamkabidhi mayai yake.

Mimi sikumtazama kijana. Nilimtazama bibi, kwa kuwa najua wengi wetu tungefanya nini. Tungesema, "Hapana, hapana, chukua wewe," mara tatu, mara nne, mpaka mtoaji aone haya mbele za watu na zawadi igeuke kuwa mvutano. Bibi hakusema hapana. Alifuta viganja vyake kwenye kanga, akainyosha mikono yote miwili, akapokea. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Kisha akasimama, akamwambia, "Haya twende nyumbani nikukaangie." Wakashuka njia ya bondeni pamoja, kijana amekibeba kibakuli, bibi ameshika mkono wake kwa ajili ya utelezi.

Nimelitafakari jambo lile miaka mingi. Bibi yule alikuwa amempa Mungu kilicho chake, na Mungu akamrudishia kwa mkono wa mjukuu wa mtu. Hakujidogosha, hakujikweza. Alipokea kama mtu anayemjua aliyempa. Na kabla jua halijapanda vizuri alikwisha kuwa mtoaji tena.

Shauri la kwanza, basi, ni la mikono. Sisi Waswahili tunamfundisha mtoto kupokea kwa mikono miwili, na akitoa mmoja tunamrudisha nyuma aanze upya. Tunadhani tunamfundisha heshima kwa wakubwa tu, kumbe tunamfundisha kwamba mtu anapopewa aache alichokuwa akikifanya. Simu iwekwe chini. Mazungumzo yakatwe. Mikono yote iwe mitupu. Nimeona watu wazima wakipokea bahasha ya msaada huku wanaongea na mtu mwingine, wakaitia mfukoni bila kumtazama aliyeitoa usoni. Si kwamba ni watu wabaya. Hawakufundishwa kwamba kupokea nako ni kazi, na kazi yenyewe ni ya ibada.

Lakini huwezi kunyosha mikono kupokea usichokiona, na hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Wazee walisema riziki ni kama ajali, huitambui ijapo. Wana wa Israeli waliamka asubuhi jangwani wakakuta kitu kidogo cha mviringo kimetanda juu ya nchi kama sakitu, wakaulizana kile ni nini. Kutokana na swali lile chakula kikapata jina lake, mana. Walikuwa wamelia njaa, wamemnung'unikia Musa, wametamani masufuria ya nyama ya Misri; chakula kilipokuja wakakitazama na kuulizana. Ilibidi Musa awaambie kwamba hicho ndicho chakula walichopewa. Kila mtu aliokota pishi moja, na aliyeweka akiba mpaka kesho yake aliikuta imeota mabuu na inanuka.

Kwa nini hawakuitambua? Kwa sababu walikuwa wakitazamia mkate wenye sura ya mkate. Na sisi tuko vivyo hivyo. Mtu anaomba kazi, anakuja shangazi mgonjwa kukaa kwake miezi mitatu, anaona mzigo. Shangazi yule ndiye anayemfundisha mkewe kushona vitenge, na cherehani ndiyo inayolipa ada ya watoto hadi leo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tunaisema kwa tabasamu mlangoni, halafu mgeni akiisha kuingia tunahesabu vikombe vya sukari.

Sisemi kila mgeni ni baraka iliyojificha. Wapo wageni wanaochosha, na Mungu anajua. Ninasema tu kwamba mtu mwenye adabu ya kupokea hakimbilii kulipa jambo jina siku ya kwanza. Huliangalia, huuliza kama wale wa jangwani walivyouliza, na husubiri aelekezwe.

Sasa nisimulie kosa langu mwenyewe, maana nasaha ya mtu asiyekosea haina msaada kwa anayekosea.

Mwaka mmoja mke wangu alilazwa hospitali wiki tano. Watoto walikuwa wadogo, na mimi nilikuwa nashinda njiani kati ya kazi na wodi. Jirani yetu wa upande wa chini, mama wa Kiislamu ambaye kabla ya hapo tulikuwa tunasalimiana tu uani, alianza kuleta uji. Kila alfajiri, baada ya swala yake, nilisikia kandambili kwenye kokoto, kisha hodi ndogo, kisha chupa ya chai imewekwa kizingitini. Uji wa mtama na ulezi, umetiwa ndimu, sukari kiasi, wa moto mpaka saa nne. Nusu waliunywa watoto kabla ya shule, nusu nikaipeleka wodini. Wiki tano hakukosa siku hata moja. Hata siku ya mvua kubwa alikuja, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani.

Mke wangu aliporudi nyumbani, nilipiga hesabu. Unga, sukari, ndimu, kuni, siku thelathini na tano. Nikaweka fedha kwenye bahasha, nikaongeza kidogo juu ili nisionekane bahili, nikaenda kwake jioni. Niliona nafanya jambo la kiungwana. Mama yule aliitazama bahasha, hakuishika. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Eliya, uji umeshanyweka. Ukiulipa, mimi nitabaki na nini?"

Nilirudi nyumbani na bahasha yangu, na usiku ule sikulala vizuri. Nilielewa kwamba nilikuwa nimekwenda kununua kile alichompa Mungu. Sikuwa nimekwenda kushukuru, nilikuwa nimekwenda kujifungua kamba. Deni la fadhila lilikuwa linanibana, nami nikataka niwe huru nisiwiwe na mtu, hasa na mtu ambaye sikuwahi kumtendea jema lolote. Kiburi kina mavazi mengi, na hili la "sipendi kuwa na deni la mtu" ndilo linaloonekana safi kuliko yote. Shauri langu kwako, ndugu msomaji: usilipe zawadi. Shukuru, ombea, kumbuka, na siku ukipata nafasi mtendee mwenzio au mtendee mwingine. Lakini usifike mlangoni kwa mtu na bei ya wema wake mkononi.

Liko jambo la pili katika uji ule. Mimi nilikuwa nimeomba usiku kwamba Mungu anisaidie, nikatazamia wenzangu wa jumuiya. Nao walikuja, sitaki kuwadhulumu; walikuja Jumamosi kwa maombi na michango. Ila mkono wa kila siku ulikuwa wa mtu anayesali akielekea Makka. Nikaenda kusoma upya habari za Eliya, ambaye mwanangu alipewa jina lake, aliyetumwa wakati wa ukame hadi Sarepta, nchi ya Sidoni, kwa mjane asiye wa taifa lake, mwenye konzi ya unga na mafuta kidogo chupani. Wajane walikuwa wengi Israeli. Yesu alipolikumbusha jambo hilo katika sinagogi la Nazareti, watu walikasirika mpaka wakataka kumtupa gengeni. Hawakuwa wamekanusha kwamba Mungu ni mkarimu. Walichukia kuambiwa kwamba ukarimu wake haupiti kwenye mlango wao peke yake.

Na kanisa letu la Kiswahili lisilisahau hili. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Zanzibar mwaka 1844, aliyempa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani alikuwa Sayyid Said, sultani Mwislamu, akiwaagiza wamtendee mema. Mwaka ule ule, huko Mombasa, Krapf alimzika mke wake na mtoto wao mchanga. Mgeni aliyefiwa hivyo ugenini anaishi kwa wema wa wenyeji wake, na wenyeji wake walikuwa watu wa dini nyingine. Leo sikukuu ya Idd inapofika na sahani ya pilau ikapita juu ya ua, pokea kwa mikono miwili na umtaje Mungu kwa shukrani. Krismasi ikifika, sahani ile irudi na chakula, tena kilichopikwa kwa kuzingatia mwiko wa anayekila.

Ukitaka kuona mtu aliyejua kupokea, soma sura ya mwisho ya waraka wa Paulo kwa Wafilipi. Alikuwa kifungoni, nao wakamtumia msaada. Ninapenda kuusoma polepole, kwa sababu kila mstari una adabu. Msaada ulikuwa umechelewa, lakini hawalaumu. Anasema walikuwa wakimkumbuka siku zote, walikosa nafasi tu. Hajifanyi kwamba hakuhitaji, wala hajilizi ili waongeze. Anasema amejifunza kuishi na kidogo na kuishi na kingi. Kisha anawakumbusha ya zamani, kwamba alipokuwa Thesalonike walimletea zaidi ya mara moja, wakati makanisa mengine hayakumshirikisha kitu. Mtu anayekumbuka msaada wa zamani wakati anapopokea mpya, huyo ameshukuru kweli. Naye aliyeubeba mzigo hasahauliki, anatajwa kwa jina, Epafrodito, ambaye mahali pengine katika waraka huo huo tunaambiwa aliugua karibu na kufa kwa ajili ya safari ile. Mwisho anaupandisha msaada wote juu, kwa kusema ni harufu nzuri mbele za Mungu. Mungu anashukuriwa, na watu wanashukuriwa, na hakuna anayemla mwenzake.

Nalisema hili la mwisho kwa kuwa tuna tabia mbaya kanisani. Mtu anapewa msaada na jirani, halafu anasimama mbele akasema, "Simshukuru mwanadamu, namshukuru Mungu peke yake." Aliyechangia amekaa benchi la tatu. Ni maneno yanayosikika kama uchaji, lakini yana ukavu ndani. Mungu hapungukiwi na kitu jirani yako akiambiwa ahsante.

Wale wakoma kumi walioponywa, tisa hawakurudi. Tunawahukumu upesi. Lakini angalia vizuri: Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walikuwa njiani wanakwenda. Walikuwa wakitii! Yule mmoja, Msamaria, ndiye aliyekatisha safari. Nadhani wale tisa walikusudia kushukuru baadaye, baada ya kumaliza taratibu, baada ya kupata cheti, baada ya kuwaona watoto. Shukrani ya baadaye ndiyo mauti ya shukrani. Piga simu leo. Andika ujumbe leo. Kama ni mtu wa karibu, nenda kwa miguu.

Sasa niseme habari za vitu vinavyokuja bila kutarajiwa lakini si baraka, maana siku hizi watu wanakosea hapa.

Simu inalia, ujumbe unasema umepokea shilingi laki moja na nusu kutoka kwa mtu usiyemjua. Asubuhi hiyo hiyo ulikuwa umeomba ada. Je, Mungu amejibu? Nimewasikia waumini wakisema ndiyo, wakaenda kwa wakala kutoa fedha kabla ya mwenyewe hajashtuka. Ndugu yangu, fedha hiyo ina mwenyewe, na huenda naye aliomba asubuhi hiyo hiyo. Mungu hamjibu mmoja kwa kumwibia mwingine. Usiitoe. Wala usiharakishe kuituma kwenye namba utakayopewa na mtu anayekupigia akilia, kwa maana matapeli nao wameijua njia hii, na ujumbe wenyewe unaweza kuwa wa kughushi. Angalia salio lako. Kama fedha imeingia kweli, iache hapo hapo, mwambie aliyekosea awasiliane na huduma kwa wateja wa mtandao wake ili irudishwe kwa utaratibu. Ndivyo ilivyo pia kwa kondakta aliyezidisha chenji, na kwa karani aliyekuandikia siku za posho ambazo hukufanya kazi. Ukikaa kimya na kusema "ni riziki yangu," umemsingizia Mungu.

Neno lenyewe tulilo nalo linatutega. Katika Kiswahili cha mtaani neema ni wingi: mwaka wa neema ni mwaka ambao mahindi yamejaa ghalani. Kanisani neema ni ule wema wa Mungu ambao mtu hakuustahili, uwe na mahindi au usiwe nayo. Ni neno moja, na watu wengi wamevuka kutoka maana hii kwenda ile bila kujua. Ndipo akaja mhubiri wa kusema, panda mbegu ya elfu hamsini, uvune laki tano. Nimeona mama akiuza kitenge chake cha harusi ili apande mbegu hiyo. Sikasiriki na mama. Alikuwa na mtoto mgonjwa na hakujua pengine pa kugonga. Namkasirikia aliyeipokea. Mungu anayeuzwa hivyo ni mkopeshaji wa riba, si Baba. Mwenye shamba la mizabibu katika mfano wa Yesu aliwalipa watu wa saa kumi na moja dinari ile ile aliyowapa waliovumilia jua la kutwa, na hakuna hata mmoja wa hao wa jioni aliyeinunua. Kama ingeweza kununuliwa, wale wa asubuhi wangekuwa na haki ya kunung'unika.

Kuna nasaha ninayoiona ni nzito kuliko zote, nayo ni ya ushuhuda.

Ushuhuda ni kitu kizuri. Watu wa uamsho wa Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1930, walitufundisha kusimama na kusema wazi Mungu ametutendea nini, na hao walianza na dhambi zao kabla ya kutaja mema yao. Siku hizi tumebakiza mema. Mtu anasimama: basi lilipinduka, wengi walikufa, mimi sikukwaruzwa, kwa sababu Mungu ananipenda. Watu wanapiga vigelegele. Lakini benchi la nyuma amekaa mama aliyempoteza mwanawe katika ajali nyingine mwezi uliopita. Amesikia nini mama yule? Amesikia kwamba mwanawe hakupendwa.

Yesu aliletewa habari za watu waliokufa vibaya, akataja na wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akasema wazi kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wengine waliokuwa wakikaa Yerusalemu. Basi tusiseme kinyume chake kwa mlango wa nyuma. Unapotaka kushuhudia kwamba umepona, sema umepona. Sema uliogopa. Sema hujui kwa nini wewe umebaki na mwenzio ameondoka, na uwataje waliokufa kabla hujajitaja. Unapotaka kumshukuru Mungu kwa mtoto baada ya miaka mitatu ya ndoa, kumbuka yupo aliyengoja miaka kumi na mitano na anafunga na kuomba kuliko wewe. Usimwambie, "Wewe nawe amini tu." Ameamini. Mkalie karibu, umpe mtoto ambebe kama anataka, na kama hataki usimlazimishe. Kuna shukrani zinazofaa kusemwa mbele ya watu wote na kuna zinazofaa kusemwa chumbani mlango umefungwa, na mwenye adabu huzitofautisha.

Vivyo hivyo kwa michango. Msiba unapokwisha, familia hukaa na daftari la rambirambi na kusoma nani ametoa nini. Daftari ni zuri kwa kumbukumbu, ili na wewe usimwache mtu siku yake. Lakini nimesikia majina yakisomwa kwa sauti na watu wakiguna: fulani na gari lake lote, elfu tano! Hatujui gari lile lina deni gani. Mwenye senti mbili hekaluni alitoa kuliko wote, na hakuna aliyemwona ila Yesu. Ukipewa kidogo, pokea kama kidogo hicho kimetoka mbali.

Na ukiisha kupokea, usikae juu yake kama kuku anayeatamia. Ruthu alipokwenda kuokota masazo katika shamba la Boazi, sheria ilimruhusu: mvunaji hakutakiwa kuvuna hadi pembezoni, wala kurudia yaliyoanguka, yawe ya maskini na mgeni. Lakini Boazi alipita sheria. Aliwaambia vijana wake wachomoe mashuke mengine matitani kwa makusudi, wayaangushe, na wasimkemee. Fikiri uzuri wa jambo hilo. Angeweza kumpa gunia, akambebesha na aibu juu yake. Badala yake alimwachia Ruthu heshima ya kuokota, arudi nyumbani akisema, nimefanya kazi na Mungu amenijalia. Alipopepeta jioni alipata kama efa moja ya shayiri, kipimo kinacholikaribia debe letu na kuzidi kidogo. Wewe uliye na uwezo, jifunze kutoa kwa namna hiyo: mpe kijana kazi ambayo haikuwa lazima ifanyike, nunua mchicha wa mama ambao hukuuhitaji na usiombe punguzo.

Ila mimi huwa namtazama Ruthu mwenyewe. Mchana Boazi alimpa bisi, akala akashiba, na akabakiza. Mtu mwenye njaa, mgeni, mjane, anayeokota juani tangu asubuhi, ameshika chakula mkononi na bado anamkumbuka mwanamke mzee aliye nyumbani. Alipofika alimpa mkwewe Naomi ile shayiri, kisha akatoa na lile kombo la mchana. Naomi akambariki yule mtu kabla hata hajaambiwa jina lake.

Mama yetu wa uji alikwisha hamia kwa binti yake huko Tanga mjini, na chupa yake ya chai tuliirudisha. Ilibidi nimwombe mke wangu ushauri, kwa kuwa mimi nilikwisha kuharibu mara moja kwa bahasha. Akacheka, akasema kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu, basi, hakuna hesabu nyingine. Akajaza maziwa. Mama yule akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua, akanusa, akasema, "Alhamdulillahi," nasi tukasema, "Amina."

Kama kuna chombo cha mtu jikoni kwako, bakuli, sahani au kikapu kilichokuja na kitu na bado hakijarudi, kitafute leo. Kioshe, kitie chochote ulicho nacho, hata kama ni ndimu mbili, na ukipeleke wewe mwenyewe.